Kabla Ucheke "Watoto wa Laibon", Soma Hii

Nianze na swali, na usikimbilie Google. Baba ya babu yako aliitwa nani? Na baba yake je?

Kama umekwama hapo, usijali, tuko wengi. Mimi mwenyewe nilikwama kwa wa tatu. Lakini sisi hao hao tunajua ukoo mzima wa wafalme wa kwenye series: nani alimzaa nani, nani alimuua mjomba wake akachukua kiti. Wa kwetu hatuwajui.

Leo nataka tuongee kuhusu ukoo mmoja wa hapa kwetu. Ila kwanza kuna kosa langu lazima niseme.

Mwaka jana niliposti video ya kuchekesha. Nilijifunga blanketi, nikashika fimbo, nikaigiza "mtoto wa Laibon" akimlaani makanga aliyekataa kumrudishia chenji. Watu walicheka sana. Sisi wa Soin tumekua na hizo stori: usigombane na mtu wa Talai, usioe huko, wana mdomo mbaya. Kwangu ilikuwa utani tu.

Kesho yake rafiki niliyesoma naye sekondari akaniandikia inboksi. Maneno manne: "Hao unaowacheka ni sisi."

Miaka minne tumekaa dawati moja na sikuwahi kujua. Nikafuta video, nikaomba msamaha, halafu nikamuuliza kama naweza kwenda kwao nisikie stori yao vizuri. Akakaa siku tatu bila kujibu. Siku ya nne akasema, "Babu amekubali."

Nikapanda matatu Kipsitet. Kama hujui kwetu, Soin ni upande wa chini wa Kericho: joto na miwa. Gari likipanda, hewa inapoa, na ghafla pande zote mbili ni majani chai, yamekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Kina rafiki yangu wanaishi pembeni mwa mji wa Kericho, nyumba zimebanana, shamba ni la sukuma wiki mistari miwili. Mzee alinisalimia "Chamgei", akaangalia simu yangu, akasema: "Hiyo weka. Chukua kalamu."

Basi haya ndiyo niliyoandika, pamoja na yale niliyosoma baadaye.

Talai ni ukoo wa orkoiik. Mmoja ni orkoiyot. Wakoloni walipenda kuwaita "Laibon", neno la Kimaasai, na kweli simulizi zinasema asili ya ukoo huu ni kwa Wamaasai. Kwa Wanandi anakumbukwa Barsabotwo kama orkoiyot wa kwanza wa ukoo huo, karne ya 19. Baadaye anakuja Turukat, halafu mwanawe, Kimnyole arap Turukat.

Orkoiyot hakuwa mfalme. Hakuwa na kiti cha dhahabu wala jela. Kazi yake ilikuwa kubariki, kutabiri, kushauri kuhusu vita na misimu. Na mambo yakiharibika, lawama ilikuwa yake. Kimnyole, ambaye inasimuliwa alitabiri nyoka wa chuma anayetema moshi, aliuawa mwaka 1890. Hakuuawa na mzungu. Waliomuua ni Wanandi wenyewe, waliomlaumu kwa maafa yaliyowapata.

Sasa shika hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Kimnyole aliacha wana. Mmoja ni Koitalel arap Samoei. Mwingine ni Kipchomber arap Koilegen. Mwingine tena ni Kiptonui arap Boisio. Ndugu watatu, baba mmoja, na hakuna aliyeitwa arap Kimnyole! Ukishuka kizazi kimoja, mtoto wa Koitalel anaitwa Barsirian arap Manyei.

"Arap" ni "mwana wa", hilo tunalijua. Lakini mzee mmoja angeweza kuwa na majina kadhaa maishani mwake, na jina halikurithiwa vile fomu ya shule inavyotaka, jina la ukoo lile lile milele. Kwa hiyo ukisoma majina tu utadhani hawa ni watu wa vijiji vitatu tofauti. Na kinyume chake pia ni kweli: kukutana na mtu anayeitwa Samoei leo hakumaanishi ni mjukuu wa Koitalel. Hivi vitu haviko kwenye kitambulisho. Viko kichwani mwa wazee.

Nini kiliwapata hao ndugu? Koitalel alibaki Nandi na kuongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao kwa miaka kama 10. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Fimbo zake zilichukuliwa Uingereza na hazikurudi Kenya hadi 2006. Kipchomber alikuja huku kwetu kwa Wakipsigis akawa orkoiyot wao wa kwanza. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ikamhamisha yeye na nduguze hadi Mlima Kenya kule, Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na Nyeri. Kipchomber alifia uhamishoni. Barsirian alikamatwa 1923 na hakuachiliwa hadi 1964. Hesabu mwenyewe. Mandela tunayemuimba alikaa miaka 27. Huyu alikaa 41, na Kenya ilikuwa tayari huru alipotoka. Shuleni sikusikia jina lake hata siku moja.

Halafu ikaja 1934. Serikali ilitunga sheria maalum ya kuwaondoa Laibon. Elewa hiyo vizuri: si sheria ya wizi wala ya uchochezi, ni sheria ya ukoo. Hukuhitaji kufanya kosa lolote. Ulihitaji tu kuzaliwa kwa baba fulani. Watu kama 700, wazee, akina mama na watoto, walitolewa kwenye ardhi yao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o. Huku nyuma, Kericho ilikuwa inageuka kuwa mashamba makubwa ya chai.

Niliposoma hilo nikakumbuka kitu. Moja ya kampuni zilizopanda chai hapa, James Finlay, ilianzia Glasgow, Scotland, mwaka 1750. Na Scotland ni watu wanaojua mambo ya koo. Mwaka 1290 kiti chao cha ufalme kilibaki bila mrithi wa wazi, na watu zaidi ya 10 wakajitokeza, kila mmoja na ukoo wake mkononi. Kesi ikaamuliwa na mfalme wa Uingereza, Edward wa Kwanza. John Balliol alishinda 1292 kwa sababu bibi yake alikuwa binti mkubwa. Mzee Robert Bruce akashindwa kwa sababu mama yake alikuwa binti wa pili. Mjukuu wa huyo Bruce ndiye alikuja kuwa mfalme 1306, shujaa wa taifa. Na hao kina Bruce asili yao ni Brix, Normandy, Ufaransa. Walikuja kutoka nje kama Talai walivyotoka kwa Wamaasai, na leo hakuna anayewaambia si Waskoti.

Kwao kuujua ukoo wako ilikuwa njia ya kupata kiti. Hapa ilikuwa njia ya kupata pingu. Ndiyo maana nilipomuuliza mzee kwa nini familia yao ilificha jina miaka yote hii, alinyamaza kidogo, akasema: "Sisi tukitaja majina haya, aliyekuwa anaandika alikuwa askari."

Mzee alizaliwa Gwassi. Walianza kurudi mwanzoni mwa miaka ya 60 wakakuta ardhi ina wenyewe wapya na majirani wana woga. Woga huo ndio nilikuwa nauza kwenye video yangu, bana.

Sasa mambo yamegeuka. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa kihistoria. Mwaka 2022 walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Na kwa madai kama hayo lazima utaje wewe ni wa nani. Majina waliyofundishwa kuyameza ndiyo wanahitaji kuyatoa, na wazee wanaoyajua wanaondoka mmoja mmoja.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mzee orodha. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Umeandika wanaume tu," akasema. "Aliyenibeba Gwassi mgongoni ni mama." Akanitajia jina lake, na la mama yake. Nikaandika. Hayo sitayaposti, ni ya wenyewe, na rafiki yangu ndiye anaweka daftari.

Lakini wewe una wako. Wikendi hii piga simu nyumbani, uliza kogo akutajie wanne. Usirekodi kama hataki. Chukua kalamu.