Plagi ya Pini Tatu: Nani Anajua Kilichomo Ndani ya Kifaa?

Historia ya vyombo vya umeme huandikwa mara nyingi kama historia ya wavumbuzi na makampuni. Kazi ya kuvitengeneza jikoni vinapoharibika, inayofanywa kwa sehemu kubwa na watu wasio na vyeti, husahauliwa. Katika makala hii tunaichunguza kazi hiyo kwa kutazama plagi ya pini tatu ya Uingereza, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi kwa wakoloni na zinaitumia hadi leo.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili Uingereza haikuwa na plagi ya aina moja. Pini zilikuwa za duara, za ukubwa mbalimbali, na watu wengine waliunganisha pasi kwenye soketi ya balbu. Kwa miaka mingi birika liliuzwa bila plagi. Mnunuzi aliifunga mwenyewe. Mtumiaji wa umeme jikoni alikuwa mwanamke, lakini elimu ya umeme ilishikwa na wanaume. Mwaka 1924 kikaundwa chama cha wanawake cha mambo ya umeme, kikiongozwa na Caroline Haslett. Kilifundisha kufunga plagi na kubadilisha fyuzi. Tusikitukuze kupita kiasi: wanachama wengi walikuwa wa tabaka la kati, na wauza umeme walihitaji wateja. Hata hivyo, aliyekwisha kujua njia ya waya hakuweza tena kutishwa na kifaa.

Wakati wa vita Haslett alikuwa mwanamke pekee katika kamati iliyopanga umeme wa nyumba za baada ya vita. Matunda yake ni kanuni BS 1363 ya mwaka 1947. Pini ya ardhi, iliyo ndefu kuliko nyingine, hutangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu yenye umeme, ili mtoto asichomeke kitu humo. Fyuzi imo ndani ya plagi, kuulinda waya wa kifaa. Atiaye fyuzi ya ampea 13 mahali pa ampea 3, kwa kuwa tu inaenea, amemfukuza mlinzi.

Rangi za waya nazo zina somo. Uingereza waya mwekundu ulikuwa wa moto; Ujerumani, hadi miaka ya 1960, mwekundu ulikuwa wa ardhi. Aliyefunga kifaa cha Kijerumani kwa desturi ya Kiingereza alikitia umeme kifaa chote. Kilichokosekana hapo ni kanuni ya pamoja. Tangu mwaka 1969 nyaya za vifaa Uingereza zikafuata kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa ardhi.

Mwaka 1994 sheria iliwataka wauzaji wauze vifaa vikiwa na plagi tayari. Plagi zilizofungwa vibaya zilileta hatari, kwa hiyo hatuipingi. Lakini pamoja na hatari hiyo iliondoka nafasi ya kila nyumba kujifunza. Leo vifaa vingi vimefungwa kwa skrubu zisizokubali bisibisi ya kawaida, au vimegandishwa kabisa. Uingereza ilipotunga kanuni za vipuri mwaka 2021, ilitaja majokofu na mashine za kufulia. Birika na kibaniko cha mkate vikaachwa nje.

Historia hii inatufundisha kwamba usalama na ujuzi wa umma si maadui. Plagi ya 1947 ilimlinda mtumiaji, na bado ilifunguka kwa bisibisi moja. Kwa hiyo viongozi na wanafunzi wana kazi mbili. Kwanza, kudai kifaa kinachouzwa kwetu kiwe kinafunguka na vipuri vyake vipatikane. Pili, kufundisha hatua zenyewe: chomoa kwanza, funga waya wa ardhi kwa uangalifu, tia fyuzi inayolingana na waya. Pale ujuzi unapoishia, aitwe fundi, naye aulizwe alichokifanya.