Rekodi ya Bondia Haisemi Yote: Historia Fupi ya Kukisia Mapambano

Mwalimu yeyote anayefundisha huku Kasese au kule Bwera atakuwa amesikia mabishano ya wanafunzi juu ya mapigano wanayoyatazama katika vibanda vya video. Mmoja hutaja idadi ya ushindi wa mpiganaji ampendaye, wa pili hutaja uzito wa ngumi yake, na wa tatu husema kwamba tarakimu hazidanganyi. Mabishano haya yangekuwa mchezo tu kama yasingefika kwenye kamari. Mwanafunzi wangu mmoja alikosa mtihani kwa sababu ada aliyopewa nyumbani iliishia katika kibanda cha kamari. Nilipomhoji alinionyesha karatasi yake. Mpiganaji aliyemchagua alikuwa hajashindwa hata mara moja. Kijana huyo hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma hesabu, ila hakujua hesabu hiyo ilipima nini. Katika makala haya nitaeleza, kwa mifano ya historia, namna watu walivyokisia washindi kwa kutazama takwimu na mitindo ya kupigana, na mahali ambapo takwimu hizo ziliwapotosha.

Yafaa kwanza tutofautishe maneno. Kuagua ni kazi ya mganga atafutaye mambo yaliyofichika. Kutabiri ni kusema yajayo kabla hayajafika. Kubashiri, neno ambalo asili yake katika Kiarabu ni kuleta habari njema, limependwa sana na waandishi wa michezo. Kukisia ni kukadiria kwa kutazama dalili zilizopo, na mwenye kukisia hukubali tangu mwanzo kwamba huenda akakosea. Anayesoma rekodi ya bondia hakisii zaidi ya hapo, ingawa mara nyingi hujiona kama mtabiri.

Uganda ina historia ndefu katika ndondi. Medali za kwanza ambazo nchi hii ilizipata katika michezo ya Olimpiki zililetwa na mabondia, huko Mexico mwaka 1968: Eridadi Mukwanga alipata ya fedha na Leo Rwabwogo ya shaba. Rwabwogo, mwana wa Toro, alirudi na medali ya fedha kutoka Munich mwaka 1972, siku ambazo Kasese na Bwera zilikuwa bado zinahesabiwa ndani ya wilaya ya Toro. Kwa hiyo si ajabu kwamba pambano kubwa kuliko yote ya zama hizo lilipofanyika katika nchi jirani ya Zaire, watu wa huku walikuwa na maoni yao.

Pambano hilo lilikuwa la Muhammad Ali na George Foreman, mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Kinshasa ni mbali, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mpaka wetu wa Mpondwe, lakini mvukaji wa mto Lubiriha alikuwa tayari ameingia katika nchi hiyo hiyo. Wapiganaji walipanda ulingoni yapata saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, yaani wakati huku kwetu kunakaribia kupambazuka.

Aliyetegemea hesabu hakuwa na sababu ya kusita. Foreman alikuwa na umri wa miaka 25, Ali miaka 32. Foreman alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kati ya hizo kwa nokauti. Ali alikuwa ameshindwa mara mbili, mara ya kwanza na Joe Frazier mwaka 1971, na mara ya pili na Ken Norton mwaka 1973. Baadaye Ali aliwashinda wote wawili kwa pointi, lakini Foreman alikuwa amemwangusha kila mmoja wao katika raundi ya pili. Basi watu wakapiga hesabu ya sokoni: ikiwa Frazier na Norton waliweza kumshinda Ali, na Foreman akawaangusha hao kwa dakika chache, Ali atapona vipi?

Sokoni hesabu ya namna hii hufaa. Gunia likiwa zito kuliko la pili, na la pili likiwa zito kuliko la tatu, hatuna haja ya kurudi kwenye mizani ili tujue lipi ni zito kati ya la kwanza na la tatu. Ulingoni mizani haiwi moja. Frazier alikuwa bondia wa kusonga mbele bila kurudi nyuma, na mtu wa namna hiyo alimpelekea Foreman kichwa chake mahali pale pale ngumi ilipokuwa inakuja. Ali hakuwa na mtindo huo.

Kuna jambo jingine ambalo tarakimu zililificha. Kabla ya Kinshasa, Foreman alikuwa amepigania ubingwa wa dunia mara tatu: na Frazier, na Jose Roman, na Norton. Mapambano hayo matatu yakijumlishwa hayakufika hata raundi tano kamili. Watu waliona humo nguvu za ajabu, nazo kweli zilikuwamo. Lakini rekodi hiyo hiyo ilimaanisha kwamba Foreman alikuwa na mazoea machache ya kupigana akiwa amechoka. Swali la raundi ya saba au ya nane lilikuwa halijaulizwa kwa muda mrefu, na kwa hiyo jibu lake halikuwamo katika takwimu.

Ali alilisoma swali hilo. Wote walitazamia akimbie na kuzunguka ulingo, kwa maana ndivyo walivyomjua tangu ujana wake. Badala yake aliegemea kamba, akajikinga kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Ilipofika raundi ya nane Foreman alikuwa hana nguvu tena. Ali akatoka kwenye kamba, akampiga mfululizo wa ngumi, na bingwa akaanguka akahesabiwa mpaka mwisho.

Msomaji asidhani kwamba funzo hapa ni kuzidharau takwimu. Mfano wa pili, ambao ni wa Mganda mwenzetu, wauonyesha upande wa pili. Ayub Kalule alipata ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa huko Havana mwaka 1974, akaenda kufanya kazi ya ngumi za kulipwa huko Denmark, na mwaka 1979 akatwaa ubingwa wa dunia wa WBA nchini Japani. Tarehe 25 Juni 1981 alikutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston. Kalule alikuwa ameshinda mapambano 36 bila kushindwa. Leonard alikuwa ameshindwa mara moja. Kalule, tena, alipigana kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo huwasumbua mabondia wengi.

Hata hivyo wajuzi wengi walimpa Leonard nafasi kubwa zaidi. Hawakutazama idadi ya ushindi peke yake. Waliuliza ni nani waliopigwa. Leonard alikuwa amemshinda Wilfred Benitez, na alikuwa ameshindwa na Roberto Duran mwaka 1980 kisha akamshinda Duran huyo huyo miezi michache baadaye. Kushindwa kumoja mbele ya Duran, na kujirekebisha baada yake, kulisema mengi kuliko ushindi mwingi mbele ya watu wa kawaida. Kalule alipigana kishujaa, lakini mwamuzi alilisimamisha pambano katika raundi ya tisa.

Mfano wa tatu ni wa John Mugabi, aliyepata medali ya fedha huko Moscow mwaka 1980. Alipoingia katika ngumi za kulipwa alishinda mapambano zaidi ya 20 mfululizo, na hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika naye kengele ya mwisho. Tarehe 10 Machi 1986 alikabiliana na Marvin Hagler mjini Las Vegas. Kwa Mugabi, asilimia mia moja ya ushindi ilikuwa ya nokauti. Kwa Hagler kulikuwa na kitu kingine: mwaka 1983 alipigana raundi zote 15 na Duran akashinda kwa pointi, na mwaka 1985 alimwangusha Thomas Hearns katika raundi ya tatu. Hagler alikuwa amepimwa kwa muda mrefu na kwa muda mfupi. Mugabi alimpiga sana, akamvimbisha jicho, na kwa raundi kadhaa hapakuwa na aliyejua mwisho wake. Katika raundi ya 11 Mugabi alianguka. Rekodi yake haikuwa imesema uongo juu ya ngumi zake. Ilikuwa imesema kidogo mno juu ya pumzi zake.

Tangu mwaka 1985 Wamarekani wamekuwa wakizihesabu ngumi kwa kompyuta, na katika mapigano mseto ya leo huhesabiwa mateke, mieleka na dakika za kumdhibiti mpinzani chini. Maarifa haya ni mema. Lakini mapigano mseto yenyewe yalianza kwa kuwaaibisha wakisiaji. Huko Denver mwaka 1993, Royce Gracie wa Brazili, mtu mwembamba kuliko wapinzani wake, aliwashinda watatu usiku mmoja kwa kuwaangusha chini na kuwakaba, kwa kuwa walikuwa hawaujui mtindo wake. Uzito wao ulipimwa kabla. Kutojua kwao hakukupimwa.

Hapana budi, basi, kumfundisha kijana anayesoma tarakimu aulize maswali matatu: huyu alimshinda nani, alimshinda kwa mtindo gani, na ni jambo gani ambalo hajawahi kujaribiwa nalo? Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, maana karatasi haina safu ya mambo ambayo hayajatokea. Na ajibu vizuri namna gani, atakuwa bado anakisia. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 imemkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na kwa mwanafunzi ada ya shule si mali ya kukisia nayo.

Nasi walimu tujiulize maswali hayo hayo. Mara ngapi tumetazama orodha ya alama, tukamwona mtoto anayemaliza kila zoezi upesi, tukamwekea cheo cha kwanza kabla ya mtihani wa taifa. Na yule aliyeshindwa mara moja akajirekebisha, tukampita? Alama zake za muhula zilipima mazoezi tuliyompa. Kama hatukuwahi kumpa zoezi la kumchosha, hatumjui bado.