Nani alilipia mafuta ya taa ya msikiti?

Mgeni anaweza kuupita msikiti wa Mji Mkongwe wa Zanzibar asijue kuwa ni msikiti. Mji huo mdogo una misikiti ipatayo hamsini, na mingi haina mnara. Ukuta wa msikiti umeungana na ukuta wa nyumba ya jirani, na mlango wake umepangana na milango ya maduka. Mara nyingi nyumba ile ya jirani, au duka lile la chini, ndilo lililoulisha msikiti. Kodi yake ilinunua mafuta ya taa, ikamlipa imamu na mwadhini, ikabadilisha mikeka ikichakaa na kusafisha kisima cha maji ya kutawadha.

Huo ndio wakfu. Mwenye mali huifunga mali yake kwa ajili ya Mungu: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, kinacholiwa ni pato lake tu. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja na karafuu kuanza kuleta fedha, matajiri walishindana kujenga misikiti na kuiwekea mali ya kuiendesha. Profesa Abdul Sheriff, katika utafiti wake juu ya misikiti ya Mji Mkongwe, ameonyesha jinsi historia ya misikiti hiyo ilivyo pia historia ya wafanyabiashara na wenye mashamba: Waibadhi wa kutoka Oman, Masunni wenye asili ya Hadhramaut, na wengine. Wanawake nao walikuwemo, kwa kuwa sheria ya Kiislamu ilimruhusu mwanamke kumiliki nyumba na shamba kwa jina lake mwenyewe, na akimiliki, anaweza kuweka wakfu.

Aliyeweka wakfu kwa akili alijua kuchagua mali. Karafuu huleta fedha nyingi kwa mkupuo, lakini kwa msimu, na mwaka wa mavuno mazuri hufuatwa na mwaka wa ukame wa mifuko. Mnazi huanguliwa mara kadhaa kwa mwaka, na nazi yenyewe hutoa mafuta. Nyumba ya kupangisha hulipa kila mwezi. Taa ya msikiti huwashwa kila jioni, na mwadhini hula kila siku, kwa hiyo swali halikuwa tu mali ina thamani gani; swali lilikuwa pato lake linaingia lini. Mwaka 1872 kimbunga kilipopita Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa, aliyetegemea shamba peke yake alibaki na ardhi na magogo. Miaka 25 baadaye, mwaka 1897, hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa, mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa kwa jasho la watumwa yalianza kupoteza nguvukazi yake. Ukweli huu haufai kufichwa: sehemu ya mafuta yaliyowaka katika misikiti yetu ilitokana na mikono ya watu wasiolipwa.

Wakfu ulikuwa na udhaifu mwingine, nao ni msimamizi, yaani mutawalli. Mutawalli akiwa mwaminifu, msikiti hustawi. Akiwa mzembe, au akifa na watoto wake wakaanza kuliona shamba la msikiti kama urithi wa baba yao, mali hupotea kimyakimya. Aliyetoa yuko kaburini, hawezi kuuliza.

Serikali ya ulinzi wa Kiingereza iliingilia hapo. Mwaka 1905, katika utawala wa Seyyid Ali bin Hamud, ikaundwa Kamisheni ya Wakfu, ambamo maofisa wa Kiingereza walikaa pamoja na makadhi. Sheria iliyofuata mwaka 1907 iliiongezea nguvu Kamisheni juu ya wakfu zilizokosa wasimamizi au zilizosimamiwa vibaya. Faida yake ipo: madaftari yaliwekwa, hesabu zikakaguliwa, misikiti ikakarabatiwa. Lakini naamini hapo ndipo jambo kubwa lilipopotea. Zamani waumini walimjua mutawalli, walikutana naye sala ya alasiri, wakamwuliza mbona taa imezimika. Sasa majibu yakawa ofisini, na waumini wakaanza kuizoea hali ya kutouliza.

Ng'ambo, upande wa pili wa kijito, mambo yalikuwa machungu zaidi. Sehemu ya viwanja vya huko ilikuwa imewekwa wakfu na wenye mali ili wategemezi wao, wakiwemo watumwa waliowaacha huru, wapate mahali pa kujenga vibanda vyao. Wakfu wa namna hiyo pato lake lilikuwa makazi ya watu. Kadiri mji ulivyokua, viwanja vikageuzwa kuwa chanzo cha fedha, na kodi ya kiwanja ikapanda, kwa wenye ardhi binafsi na katika ardhi ya wakfu vilevile. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Walikuwa Waislamu wakigombana na kodi iliyokusanywa, kwa sehemu, kwa jina la wakfu. Mgomo ule unastahili kufundishwa pamoja na historia ya misikiti, kwa sababu unaonyesha mpaka wa pato la dini: likishamnyang'anya maskini paa ambalo mtoa wakfu alimkusudia, limekiuka sharti la aliyelitoa.

Katika miaka hiyohiyo ya Kamisheni, ndani ya Mji Mkongwe, Makhoja, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, walikuwa wakijenga mfumo tofauti. Kwao jumuiya ilikuwa na wanachama wanaojulikana kwa majina, na kila mwenye kipato alikuwa na fungu la kutoa mara kwa mara. Mwaka 1905, mwaka uleule wa Kamisheni, Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Makhoja wa Ismailia, aliwapa wafuasi wake wa Zanzibar katiba, ya kwanza ya aina yake kwa jumuiya hiyo, yenye mabaraza na taratibu za uongozi. Khoja Ithnasheri, waliojitenga na Ismailia na kujenga msikiti wao Kiponda katika miaka ya 1880, nao walikuwa na jamaat (jumuiya) yao, michango yao na khumsi, yaani fungu la tano la ziada ya kipato. Nguvu ya mfumo huu iko wazi: anayetoa yuko hai, na anayetoa kila mwezi huuliza kila mwezi. Udhaifu wake nao uko wazi: watu wakiondoka, fedha huondoka nao.

Na waliondoka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Wahindi na Waarabu wengi walihama, na orodha za wanachama zilipungua. Mali nyingi za watu binafsi zilitaifishwa, na mashamba yakagawiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Nyumba za wakfu zilibaki kwenye Mji Mkongwe unaovuja, zenye wapangaji wanaolipa kodi ndogo isiyotosha hata kupaka chokaa. Nyumba ya mawe ya matumbawe, ikishaingiza maji kwenye paa, huoza boriti zake moja baada ya nyingine. Kamisheni inayodai kodi ndogo haina cha kukarabatia, na mpangaji anayelala chini ya dari lililopasuka haoni sababu ya kulipa zaidi.

Sheria ya mwaka 2007 iliipa Kamisheni, kwa jina la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, sura mpya, ikiwa na kazi za zaka, hija na mirathi pia. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nyumba ambayo zamani ilikodishwa kwa fundi cherehani leo inaweza kutamaniwa na mwenye hoteli. Fedha sasa inaweza kupatikana. Kinachonishughulisha ni nani atakayeiulizia. Maombi yangu kwa Kamisheni ni mepesi: kila msikiti wenye wakfu ubandikiwe mlangoni karatasi inayotaja nyumba zake, mashamba yake, kodi inayoingia na matumizi ya mwaka. Mwadhini ataisoma, muuza kahawa wa barazani ataisoma, na mtoto wa madrasa ataisoma kwa sauti.