Propela Zilizosalitiwa na Betri

Fundi wa ndege ndogo anapoletewa malalamiko kwamba vipimo vya injini vinapotea kwenye skrini na kurudi vyenyewe, au kwamba mizunguko ya propela inapanda na kushuka bila mtu kugusa kitu, hukimbilia kilicholalamikiwa. Kihisi kinabadilishwa, gavana ya propela inafunguliwa, kompyuta ya injini inarudishwa kiwandani, na baada ya wiki mbili ndege iko karakana tena. Hitilafu inayokuja na kuondoka ina tabia ya kujitokeza mbali na chanzo chake. Historia ya propela zenye mapanga yanayobadilishwa pembe inatuelekeza kwenye mshukiwa ambaye mara nyingi huulizwa mwisho: umeme unaoendesha vyombo hivyo. Funzo hilo lilikwisha kulipiwa kwa maisha ya watu mwaka 1942. Lilisahaulika kwa sababu ufundi uliofuata uliwapa mafundi nusu karne ya kutolihitaji.

Tuzo ya Collier ya mwaka 1933 ilikwenda kwa kampuni ya Hamilton Standard na mhandisi wake Frank Caldwell, kwa propela ambayo rubani aliweza kuibadilisha pembe akiwa angani. Tangu hapo ziligawanyika njia mbili. Ya kwanza ilitumia mafuta ya injini: gavana yenye vizito vinavyozunguka na springi inafungua na kufunga vali, na shinikizo la mafuta linayageuza mapanga. Ya pili, ya kampuni ya Curtiss, iliweka mota ndogo ya umeme kwenye kitovu cha propela, ikilishwa kupitia brashi zinazosugua pete. Njia hii ya pili ndiyo iliyofungwa kwenye Martin B-26 Marauder, ndege ya vita iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940. Katika kambi ya MacDill, Florida, ajali zilikithiri hadi ukazuka msemo uliotia chumvi kwamba kila siku Marauder moja huzama katika ghuba ya Tampa. Sehemu ya chanzo ilikuwa ya kawaida mno. Mafundi walijaribu vyombo ndege ikiwa chini, wakitumia betri zake badala ya jenereta ya nje. Ndege ilipopaa, betri zilizochoka hazikuweza tena kuishika pembe ya mapanga. Yakalala bapa, injini ikazunguka kupita kiasi, na nguvu ya kusukuma ikatoweka palepale ilipohitajika zaidi.

Baada ya vita, njia ya umeme haikufa mara moja. Beechcraft Bonanza, iliyoanza kufikishwa kwa wateja mwaka 1947, ilikuwa na propela iliyogeuzwa kwa umeme. Lakini katika ndege ndogo mafuta yalishinda, na hapo fundi akazoea aina nyingine ya ushahidi. Gavana mbovu huacha alama: mafuta yanayovuja, uchafu kwenye vali, springi iliyolegea. Betri ikifa, injini ya pistoni yenye magneto zake inaendelea kunguruma na propela inaendelea kutii. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza, na kilikuwa na haki, kwamba habari za betri ni habari za taa na redio.

Utengano huo ulivunjwa na injini za dizeli za Thielert, zilizotokana na injini ya gari la Mercedes-Benz na kufungwa kwenye Diamond DA42. Kila injini ilipewa kompyuta mbili na wenzo mmoja tu. Pembe ya mapanga iliamuliwa na kompyuta, si mkono wa rubani. Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, DA42 yenye betri iliyokwisha iliwashwa kwa umeme wa nje, kisha ikapaa. Rubani alipokunja magurudumu, pampu ilivuta umeme mwingi, volti zikaanguka, kompyuta zikazimika na kujiwasha upya, na mapanga ya propela zote mbili yakageuka ubavu kuufuata upepo. Ndege haikuwa na msukumo tena, ikashuka shambani.

Yupo atakayesema kosa lilikuwa la waliowasha injini zote mbili kwa umeme wa nje, kinyume cha kitabu cha mwongozo. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba Marauder iliponzwa pia na kasi yake kubwa ya kutua na uchanga wa marubani wake. Lakini kosa la mtu linaeleza jinsi betri ilivyofika hapo. Halielezi kwa nini betri moja iliweza kuzinyamazisha injini mbili. Kompyuta ziliongezwa ili moja ikianguka nyingine ishike, ilhali zote zilikunywa kisima kimoja. Waliotengeneza walikubali hivyo kwa vitendo: kompyuta ziliongezewa betri zake za akiba.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: leo kompyuta huweka kumbukumbu ya kila hitilafu, kwa hiyo fundi asome tu kumbukumbu. Hata hivyo kumbukumbu huandika kile kihisi kilichosema, na kihisi kinachopungukiwa umeme husema uongo kwa unyoofu kamili. Alama nyekundu ya X juu ya kipimo cha joto la mafuta inathibitisha kwamba taarifa haikufika, haithibitishi kwamba kihisi ni kibovu. Wala kupima betri iliyotulia hakutoshi: inaweza kuonyesha volti 24 safi, kisha ikaporomoka mzigo ukiwekwa. Kipimo chenye maana huchukuliwa ndege ikiwa juu ya jeki na pampu ya magurudumu ikifanya kazi: kwanza kwenye betri, kisha kati ya bodi ya injini na ncha hasi ya betri, ambako waya uliolegea au wenye kutu hujifichua. Vipimo hivyo viwili vina gharama ndogo kuliko kihisi kimoja kipya, na vinastahili kutangulia kila kifaa kingine kinachofunguliwa.