Swali Kabla ya Picha: Historia ya Uchaguzi wa Kipimo cha Tezi ya Pituitari, kwa Kurejelea Bukoba na Muleba

Makala hii inajadili namna uchaguzi wa kipimo cha picha kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na tatizo la tezi ya pituitari ulivyobadilika tangu mwisho wa karne ya 19, na mabadiliko hayo yanamaanisha nini kwa mgonjwa wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Tezi yenyewe haizidi ukubwa wa punje ya harage. Imekaa chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa ambacho wanaanatomia walikiita sela, yaani tandiko la farasi, na juu yake hupita njiapanda ya mishipa ya macho. Pamoja na udogo wake, huongoza tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, ovari na korodani, ukuaji wa mwili na utoaji wa maziwa ya mama. Inapoharibika, dalili hujitokeza mbali na kichwa: hedhi hukoma, mikono hupanuka, nguvu hupotea, mwanamke asiye na mimba hutokwa maziwa. Hapo ndipo ugumu wa uchunguzi wake unapoanza, kwa kuwa mgonjwa huja na malalamiko ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayadai picha ya kichwa hata kidogo.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kipimo sahihi hakijawahi kuamuliwa na uwezo wa mashine peke yake. Huamuliwa na swali ambalo tabibu analiuliza, na kwa Kagera huamuliwa pia na umbali. Pale swali lilipokosekana, picha ilileta majibu yasiyohusika.

Ganda na kilichomo

Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei mnamo Novemba 1895, miaka mitano baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Mwaka 1899, mjini Berlin, Hermann Oppenheim alionesha picha ya fuvu la mgonjwa wa akromegali, ugonjwa wa kupanuka kwa mikono, miguu na taya ambao Pierre Marie alikuwa ameuelezea mwaka 1886. Katika picha hiyo sela ilikuwa imetanuka. Tangu hapo, kwa takribani miongo saba, madaktari wa dunia nzima waliichunguza pituitari kwa kutazama mfupa unaoizunguka. Walikuwa wakitazama ganda na kukisia yaliyomo. Uvimbe ulipaswa kukua hadi kuumomonyoa mfupa ndipo uonekane, na kufikia wakati huo mara nyingi mgonjwa alikuwa ameshaanza kupoteza uoni.

Jaribio la kuondoa kasoro hiyo lilileta mateso ya aina yake. Mwaka 1919 Walter Dandy wa Marekani alichapisha njia ya kutoa maji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa mahali pake, ili hewa hiyo ichore mipaka ya ubongo kwenye picha. Wagonjwa walipatwa na maumivu makali ya kichwa na kutapika. Mbinu hiyo ilidumu kwa nusu karne katika hospitali kubwa, na ukatili wake ulikuwa na faida moja isiyotarajiwa: hakuna daktari aliyeiagiza kwa mazoea tu. Aliyeiagiza alilazimika kwanza kuwa na hakika kwamba mgonjwa anaihitaji.

Utambuzi wa maradhi Kagera kabla ya picha

Kagera ina historia ndefu ya utambuzi wa maradhi uliofanywa kwa mikono, macho na masikio, na historia hiyo haipaswi kuelezwa kama upungufu peke yake. Wakati wa kampeni ya Wajerumani dhidi ya malale, katika kambi ya Kigarama huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, watu walipapaswa tezi za shingo. Aliyekuwa na uvimbe alitolewa majimaji kwa sindano, nayo yakatazamwa kwa hadubini. Kazi hiyo ilifanyika chini ya utawala wa mabavu, na jambo hilo halisameheki. Hata hivyo, mpangilio wake wa hatua ulikuwa na mantiki: kidole kilitangulia, sindano ikafuata, kioo kikahitimisha.

Tukio la pili linafahamika zaidi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na hali hiyo, na baadaye watu 217 wa Nshamba nao walipatwa. A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa ya kitabibu mwaka 1963, walikabiliwa na dalili za kichwa katika eneo ambalo leo ni Muleba, bila mashine ya kuonesha ubongo. Walichunguza mboni za macho na jinsi zinavyoitikia mwanga, wakapima mishtuko ya misuli, wakapeleka sampuli maabara. Vipimo havikuonesha ugonjwa wa mwili. Waliamua kwamba chanzo kilikuwa cha kisaikolojia na kijamii, na uamuzi huo ulitokana na kufuatilia nani alipatwa, lini, na alikuwa amekutana na nani. Ni halali kuuliza picha 95 za kichwa zingeongeza nini katika ushahidi huo. Huenda zingeongeza mashaka tu.

Tukio la tatu ni zito zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage. Kipimo cha damu cha kingamwili za virusi hivyo kilianza kutumika mwaka 1985. Matabibu wa Ndolage waliutambua ugonjwa kwa kuutazama mwili na kusikiliza historia ya mgonjwa, huku kipimo chenyewe kikiwa bado hakijatengenezwa popote duniani.

Mwaka 1971 na safari ya ziwani

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka huohuo Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza, ikawa kituo cha rufaa cha Kanda ya Ziwa, Kagera ikiwemo. Matukio haya mawili hayakuwa na uhusiano wowote, lakini kwa mgonjwa wa Muleba yaliweka nguzo mbili za historia iliyofuata: mashine inayoweza kuona ndani ya fuvu, na mahali ambapo angelazimika kusafiri ili kuonana na mtaalamu.

Safari hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya meli. Abiria walipanda jioni Bukoba au Kemondo na kufika Mwanza asubuhi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Anayejadili rufaa za kitabibu katika mkoa huu bila kuitaja njia ya ziwa anaacha nje sehemu ya gharama. Kuandika neno “rufaa” kwenye cheti ni kazi ya sekunde chache, ilhali mgonjwa analitekeleza kwa nauli, kwa siku za shamba la migomba lisilo na mtu, na kwa ndugu wa kumsindikiza.

Wakati huo ulimwengu wa picha ulikuwa umesonga mbele. Paul Lauterbur alichapisha picha za kwanza kwa njia ya usumaku mwaka 1973, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mashine ya MRI, pamoja na dawa ya gadolini inayodungwa mshipani, ilikuwa inaonesha tezi yenyewe badala ya ganda lake. Tangu hapo MRI ndiyo kipimo kinachopendekezwa kwa pituitari. Lakini si MRI yoyote. Picha za kawaida za ubongo hupigwa kwa vipande vinene, na uvimbe wa milimita nne huweza kupotea katikati ya vipande viwili. Kinachotakiwa ni vipande vyembamba, visivyozidi milimita tatu, vinavyopita kwenye sela kwa mkato wa mbele na wa ubavu, kabla na baada ya gadolini.

CT inapokaribia nyumbani

Mnamo Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa matumizi ya mkopo wa takribani shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu iliyotengwa kwa afya ilihusisha ununuzi wa mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Kwa majeruhi wa ajali na wagonjwa wa kiharusi, hatua hiyo ni ukombozi. Kwa ugonjwa wa pituitari faida yake ina masharti, na ni vyema masharti hayo yasemwe wazi.

CT ni kipimo sahihi pale mgonjwa anapopatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, kutapika na kupungukiwa na uoni, dalili zinazoweza kumaanisha kwamba uvimbe wa tezi umevuja damu. Hapo muda ni muhimu kuliko undani wa picha, na sindano ya hidrokotisoni haipaswi kusubiri picha yoyote. CT huonesha pia mfupa na chembe za chokaa ndani ya uvimbe vizuri kuliko MRI. Lakini kwa uvimbe mdogo, CT ya kawaida ya kichwa haiwezi kutoa hukumu. Hatari kubwa iko katika maneno “haina tatizo” yanapoandikwa chini ya picha ambayo haikupigwa kwa ajili ya tezi. Mgonjwa huenda nayo nyumbani kama cheti cha afya, na tabibu anayefuata hasiti kuiamini.

Mfano ulio wazi zaidi ni ugonjwa ambao Harold Sheehan, mtaalamu wa patholojia wa Glasgow, aliueleza mwaka 1937. Mama anapopoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi ya pituitari, ambayo hupanuka wakati wa ujauzito, hukosa damu na sehemu yake hufa. Maziwa hayatoki. Hedhi hairudi. Miezi au miaka inapita akiwa mchovu, akihisi baridi, shinikizo la damu likiwa chini, hadi malaria au homa nyingine inapomwangusha, kwa kuwa mwili hauna kotisoli ya kukabiliana nayo. MRI ya baadaye huonesha sela iliyo karibu tupu; CT huweza isioneshe chochote cha kuzingatiwa. Ushahidi mkuu haumo katika picha. Umo katika swali ambalo muuguzi wa Rubya, Kagondo au Ndolage anaweza kuuliza bila umeme: ulipojifungua, ulitoka damu kiasi gani, na maziwa yalitoka? Baada ya swali hilo hufuata kipimo cha kotisoli ya asubuhi na homoni za tezi ya shingo. Kumpa mama huyo dawa ya tezi ya shingo kabla ya kumrudishia kotisoli kunaweza kumuua. Kosa hilo haliwezi kuzuiwa na mashine ya aina yoyote.

Kinyume chake pia kipo. Takribani mtu mzima mmoja kati ya kumi huonekana ana doa dogo kwenye tezi hii anapopigwa MRI, na wengi wao hawana ugonjwa. Prolaktini hupanda kwa sababu ya ujauzito, kwa udhaifu wa tezi ya shingo, na kwa dawa kama metoklopramidi inayotolewa kwa kichefuchefu au zile za magonjwa ya akili. Kumpeleka mwanamke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara, kabla ya kumpima mimba na kuuliza anatumia dawa gani, ni kumtoza nauli kwa swali ambalo halikuulizwa. Vivyo hivyo kwa macho: tabibu anayekaa mbele ya mgonjwa na kusogeza vidole kutoka pembeni hugundua upungufu wa uoni wa pande za nje, ambao ndio alama ya uvimbe unaosukuma njiapanda ya mishipa. Akiugundua, rufaa inakuwa ya haraka, na safari ina sababu.

Vipande vya chuma na fomu ya maombi

Kagera inaongeza jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa kupita tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa. Vita hivyo viliwapata raia na askari, na waliobaki na vipande vya chuma mwilini sasa ni wazee. Sumaku ya MRI huweza kusogeza chuma kilicho karibu na jicho au ubongo. Kwa mgonjwa wa umri huo, hasa aliyewahi kujeruhiwa, au fundi aliyefanya kazi ya kuchomelea, eksirei ya kawaida ya fuvu na macho inapaswa kutangulia. Kipimo cha zamani kuliko vyote kinarudi hapa na kazi mpya, ya kutafuta chuma tu. Kikipatikana mahali pa hatari, CT yenye vipande vyembamba na dawa ya kung'arisha, ikielekezwa kwenye sela, ndiyo mbadala unaokubalika. Mwenye figo dhaifu naye hupimwa kreatinini kabla ya kudungwa dawa yoyote ya picha.

Yote haya hatimaye hukutana katika fomu ya maombi ya kipimo, karatasi ambayo wanahistoria wa tiba wameipuuza. Fomu iliyoandikwa “CT kichwa, maumivu” humwacha mtaalamu wa mionzi apige ubongo mzima kwa vipande vinene, kwa kuwa hakuambiwa kingine. Fomu inayoeleza kwamba mama alitoka damu nyingi miaka mitatu iliyopita, hakunyonyesha, hedhi haijarudi, kotisoli ya asubuhi iko chini, na kwamba kinachoulizwa ni hali ya tezi ya pituitari, humwelekeza apitishe vipande kwenye sela, iwe mashine iko Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam.