Usomano, si Mwingiliano wa Kiutendaji

Katika rasimu ya faharasa ya tehama ya afya inayozungushwa ofisi kwa ofisi, nimekuta hali ya mifumo miwili ya kompyuta kupeana taarifa na kila mmoja kuzielewa imebatizwa "mwingiliano wa kiutendaji". Silabi 11, na bado haijasema kitu. Nashuku jopo lililoketi halikuwa na mfamasia. Angewaambia kwamba hospitalini mwingiliano una kazi yake tayari. Ni dawa moja kuivuruga nyingine, kama rifampisini ya kifua kikuu inavyopunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mzizi wenyewe unaonya: ingia, ingilia, ingiliana. Anayeingilia hakukaribishwa. Na ingiliana ina maana nyingine, ya chumbani, ambayo wajumbe kwa heshima zao walijifanya hawaijui.

Wa kambi nyingine wanang'ang'ania "uunganishaji". Si baya, ila halifiki. Kuunganisha ni kazi ya fundi: waya umepita, mtandao upo. Daktari akiandika "malaria kali" huku mfumo wa bima ukingoja B50, msimbo wa ICD-10 wa malaria ya falsiparamu, ujumbe umefika na haukueleweka. Walioasisi HL7, viwango vya kupeana taarifa za afya, huko Marekani mwaka 1987 walilijua hilo. Saba yao ni tabaka la saba la mawasiliano ya kompyuta, la juu kabisa, ambako programu hukutana baada ya mambo ya nyaya kwisha.

Neno tunalo. Simama kwenye dirisha la mapokezi la hospitali yoyote ya Tanzania, utasikia: "Mama, kadi yako haisomi." Viongozi nao hutaka jukwaani mifumo ya Serikali isomane. Hakuna jopo lililowafundisha.

Tulichambue. Soma halikuwahi kuwa kutazama herufi tu. Pwani, kisomo ni mkusanyiko wa dua. Buganda ya karne ya 19, waongofu wa Kikristo waliitwa abasomi, kutokana na okusoma, ambalo ni kusoma na kusali pia. Ndani ya neno hili, basi, mna kupokea na kukubali kilichopokelewa. Lakini utamu wote umo katika -an-, kiambishi cha kutendana. Kupendana hakukamiliki kwa mmoja, wala kusomana. Kituo cha afya kikituma jumla za mwezi za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kwenye DHIS2, programu ya takwimu iliyolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kisirudishiwe lolote katika mfumo wake, kituo hicho kimesomwa; hakijasomana na mtu. Hospitali ikiuliza uhalali wa kadi na mfumo wa bima ukajibu papo hapo, hapo pana usomano. Nioneshwe jinsi "mwingiliano wa kiutendaji" unavyoweza kuzitofautisha hali hizo mbili.

Umbo nalo ni la nyumbani. Shirikiana imetupa ushirikiano, husiana uhusiano, wiana uwiano, tangamana utangamano. Somana inazaa usomano bila upasuaji.

Msomi mmoja, ambaye vitabu vyake sitavitangaza hapa, alilipinga pendekezo hili kikaoni kwa hoja mbili. Ya kwanza, mashine haisomi. Basi atueleze kipimajoto kinachosoma 38 kinafanya nini. Ya pili, eti hiyo ni "lugha ya mapokezi". Nilinyamaza kwa adabu ya kikao, ingawa sikuona aibu iko wapi: karani wa mapokezi ndiye anayeumizwa na mifumo hii kila siku, si mjumbe wa kamati anayelipwa posho ya kuitafutia jina. Mwenzetu huyo anapigia debe "utendakaziano", neno ambalo sijamsikia akilitamka mara mbili kwa namna moja.

Matumizi ni mepesi: mifumo isomanayo, viwango vya usomano, mfumo wa hospitali wa GoTHOMIS usomane na ule wa Bohari ya Dawa. Ngeli ni ya U, wingi hauhitajiki, na kinyume chake ni kutosomana, ambako karani yeyote wa bima atakufafanulia kabla hujakaa.