Sauti au maandishi? Mazungumzo ndani ya gemu za mtandaoni

Zipo gemu ambazo maelfu ya watu hucheza pamoja kupitia intaneti, kila mmoja akiigiza mhusika wake: askari, mchawi au mganga wa kutibu wenzake. Mojawapo ya zile za mwanzo za aina hii, MUD, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, ilikuwa maandishi matupu.

World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, vita vyake vikubwa vilihitaji wachezaji 40. Hapo ukisimama kuandika "kimbieni", mwenzako ameshakufa! Wengi wakahamia kwenye programu za sauti kama TeamSpeak, na mwaka 2007 gemu yenyewe ikawekewa sauti.

Lakini sauti humtoa mtu mafichoni. Umri na lafudhi hujulikana papo hapo. Wapo wasichana wanaotukanwa mara tu wakisikika, hivyo huchagua kuandika. Sauti pia hula bando zaidi.

Mzazi, tunakuomba uangalie hili: mtoto akivaa hedifoni, humsikii anayezungumza naye. Maandishi angalau unaweza kuyasoma. Ukiwa na shaka, zima sauti kwenye mipangilio, mchezo utaendelea.